Ua Si Mpaka

Mvua ikianza tu, Mama Pindo hukumbatia cherehani yake na kukimbilia ndani. Alishonea barazani, na wateja walikuwa wamechoka kupokea nguo zenye tope. Ndipo yeye na mumewe wakachimba msingi wa chumba cha kushonea, kando ya ua wa miti.

Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, akaja mbio.

"Shemeji, fukia msingi huo! Hapo ni kwangu."

"Kwako? Ua huu alipanda baba mkwe wangu. Kwako ni ng'ambo."

"Basi namleta mpima ardhi!"

Mama Pindo akaweka jembe chini. "Chumba ndiyo basi," alimwambia mumewe. "Mwamba ngozi huvutia kwake. Aliyemleta mpima ndiye atakayependelewa. Siku hiyo sitoki nje."

"Usipotoka, nani atakusemea? Twende tukaone kwa macho yetu."

Mpima alikuwa dada mcheshi aliyevaa buti. Mama Pindo alinuna, hata kiti hakumpa.

"Mama, mbona umenikunjia uso?"

"Wewe si mtu wake?"

"Amenilipa nipime, hakunilipa nimpe ardhi. Mimi sigawi kiwanja, naonyesha mpaka uliosajiliwa. Hata ungeniita wewe, mpaka ungekuwa palepale."

"Kwani mpaka si huu ua?"

"Ua ni miti tu, mama. Mtu hupanda anapopenda. Mpaka una jiwe lake, na vipimo vyake viko kwenye ramani ya ofisi ya ardhi. Hata mtu akihamisha jiwe, mpaka hauhami."

Akapima kuanzia mawe ya mpaka yaliyo kando ya barabara. Kisha akapita upande wa pili wa ua, akasimama mbele ya lundo la vyuma chakavu vya jirani.

"Ondoeni hivi. Natafuta jiwe lenye chuma katikati."

"Unatafuta chuma kwa mchomelea vyuma?" jirani akacheka. "Utakesha!"

Wakaondoa, wakachimba. Jembe likagonga kitu kigumu. Lilikuwa jiwe la zege, na chuma chenye kutu kimechomoza katikati. Lilikuwa hatua mbili ng'ambo ya ua.

"Marehemu baba alipanda ua ndani ya kiwanja chetu," mume alisema kwa mshangao. "Labda alitaka nafasi ya kupita akikata matawi."

Mama Pindo alipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakageuka. Furaha ilimjaa, hakutaka kuificha.

Jirani akavua kofia. "Shemeji, nisamehe. Nilikuja kuchukua, kumbe nimekuja kurudisha."

Ua ukang'olewa, na msingi ukachimbwa upya, mpana zaidi. Jirani mwenyewe alitengeneza nondo za madirisha.

Alipokuwa akizifunga, mteja mmoja aliingia na kitambaa. "Mama Pindo, hongera! Na mimi wiki ijayo naanza kujenga, palepale kando ya ua wangu."

Mama Pindo akafungua kinywa, lakini jirani alimuwahi.

"Ua? Dada, ua ni miti tu! Mwite mpima kabla hujashika jembe, na majirani wako wawepo."

Mama Pindo akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya mwalimu," akasema, "na ukimaliza somo, malizia na dirisha langu."