Bwawa Lililopumua Saa Sita Mchana

Uvumi ulianzia kisimani, kwenye foleni ya mitungi. Eti lile bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni, hapa Lodwar karibu na mto Turkwel, linapumua. Tena si usiku. Linapumua saa sita mchana, jua likiwa utosini, upepo umekata na mbuzi wamelala. Wakati huo, watu walisema, kitu kilicho chini ya plastiki iliyotandikwa ndani yake huinua mgongo, kikakaa, kisha kikashuka polepole.

"We Namuria, hiyo bwawa yenu iko na mtu ndani," alisema Byron, akisukuma mtungi wake kwa mguu. Byron alisoma naye gredi ya sita, na hakuna habari mbaya iliyompita. "Nyanya anasema ni ekipe. Pepo mbaya kabisa. Amemaliza maji, sasa anataka watu."

"Wacha uongo."

"Uongo? Basi maji ilienda wapi?"

Namuria aliinama akajifanya anafunga kifuniko cha mtungi. Alijua vizuri maji yalikwenda wapi. Lakini kama ni yeye aliyeyatoa, ni nani huyo anayepumua?

Baba yake, Lomorukai, alikuwa mlinzi wa nyumba hiyo, na familia yao iliishi katika vyumba viwili vya nyuma. Mwenye nyumba alikuwa Mama Mabil, mama wa kutoka Sudan Kusini mwenye duka huko Kakuma. Wageni walipokwisha msimu ule, alikuja kulifunga bwawa. Alivua viatu, akaingia maji yakimfika kifuani, na kwa nyayo zake akaisukuma mikunjo ya plastiki kutoka katikati hadi kwenye kuta, mpaka chini pakawa laini kama ngozi ya ngoma. Kisha akapunguza maji kidogo tu, yakashuka shibiri moja chini ya tundu la ukutani linalofyonza maji.

"Mwisho ni hapa," aliwaambia Lomorukai na Namuria. "Plastiki hii haikupigiliwa misumari chini. Maji ndiyo yanaikalia. Mkiyatoa, jua litaikausha ijikunje. Halafu maji ya chini ya mchanga yakija, yataiinua kama chapati kwenye kikaango."

"Maji ya chini ya mchanga tunayajua," Lomorukai alicheka. "Si ndiyo tunayoyachimba mtoni?"

Baadaye Lomorukai aliitwa Lokitaung kumuuguza kaka yake. Kabla ya kuondoka alimwambia Namuria, "Wewe ndiwe macho yangu. Ukitoka shule, angalia maji. Yakipungua, mwambie mama yako anipigie simu."

Kiangazi kikakaza. Namuria alikuwa na mbuzi wake mmoja, na mbuzi huyo alikuwa na watoto wawili waliolia mchana kutwa. Kwao Namuria, kuacha maji yamelala huku mnyama analia kwa kiu ni jambo la aibu. Akachukua mpira wa maji, akautumbukiza bwawani, akaufyonza kwa mdomo hadi maji yakaja, akaushusha kwenye karai lililokuwa chini ya mteremko. Karai moja tu, alijiambia. Kesho yake karai jingine.

Jumamosi moja aliuacha mpira ukimwaga maji akakimbilia mazoezi ya kwaya. Wimbo ulikuwa mpya na mtamu, akasahau. Aliporudi, mchanga ulikuwa umekunywa yote. Chini ya bwawa kilibaki kidimbwi kidogo chenye mende waliokufa. Akauficha mpira stoo.

"Maji yameenda wapi?" mama yake aliuliza jioni.

"Ni jua, mama. Jua limekausha."

Mama alitazama bwawa, akatazama mbingu, akatazama karai la kuku lililokuwa bado limejaa. "Jua gani hili," alinong'ona, "linalokausha bwawa zima na kuacha karai la kuku?" Hakuuliza tena, wala hakumpigia simu baba, asimwongezee mzigo juu ya ule wa mgonjwa. Lakini tangu siku ile hakupita tena upande ule. Alimkataza Erupe, mdogo wake Namuria wa miaka mitano, asisogee huko. Na hofu yake akamweleza jirani, jirani akamweleza jirani.

Plastiki ikakauka. Ikajikunja mikunjo mirefu iliyosimama kama mbavu za ngamia aliyekufa njaa. Kisha mto ukaja. Lodwar halikuwa limeanguka hata tone moja, lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, kule milimani, na maji ya kahawia yakateremka kimya chini ya anga jeupe. Baada ya hapo ndipo uvumi ulipoanza.

Namuria alitoka kisimani na mtungi wake, maneno ya Byron yakimzunguka kama nzi. Alipoingia uani, aliona ukimya wa ajabu. Hata kuku hawakulia. Akausikia mlio mzito, wa chini sana: bwoo... bwoo... Akautua mtungi. Bwawani, zile mbavu za buluu zilikuwa zikiinuka. Mgongo mpana ulivimba taratibu, ukang'aa juani, ukatetemeka, ukashuka. Mbavu zikasogeleana kama vidole vinavyofumba.

Na Erupe alikuwa amesimama kwenye ngazi ya bwawa, mguu mmoja hewani.

"Dada," alisema bila kugeuka, "inaniita."

"Erupe! Toka hapo!"

Mtoto akashusha mguu. Ule mgongo ulibonyea chini yake, akateleza hadi katikati, na mikunjo ya pande zote ikamlalia. Alipojitahidi kuinuka, alizama zaidi, kiunoni, kisha kifuani. Mahali fulani plastiki ilipasuka, maji ya kahawia yakaanza kububujika kando ya shingo yake.

Makelele yalileta watu. Wanaume walikuja na fimbo zao, akina mama wakaja mbio, Byron na nyanya yake pia. Wote wakasimama langoni. Hakuna aliyevuka.

"Msiingie!" nyanya alipaza sauti. "Ekipe amemshika! Atakayemgusa atakwenda naye!"

Mama yake Namuria alijitupa mbele, lakini wanawake wawili walimkamata mikono. Aliliita jina la mwanawe na hakuweza kupiga hatua. Maji yakafika kidevuni kwa Erupe.

Namuria aliyaona maji yale ya kahawia, akakumbuka chapati ya Mama Mabil. Aliwatazama watu wale wazima, wenye nguvu, wakimwogopa pepo ambaye yeye mwenyewe alimzaa kwa neno moja.

"Si ekipe!" alipiga kelele. "Ni maji! Maji ya mto yako chini! Mimi ndiye niliyetoa maji ya juu, kwa mpira, nikanywesha mbuzi! Nilidanganya! Mama, si jua, ni mimi!"

Mama akaichomoa mikono yake kutoka kwa wale wanawake. "Ni maji tu?"

"Ni maji tu, mama!"

"Byron! Shika upande ule wa benchi!" mama aliamuru.

Wakalilaza benchi refu la wageni juu ya ile plastiki. Mama akatambaa juu yake kwa tumbo, akampitishia Erupe kamba ya mbuzi chini ya kwapa, na wanaume, sasa wakiwa wameshapata miguu yao, wakavuta. Erupe akatoka akikohoa, kiatu kimoja kimebaki.

Nyanya yake Byron akajifuta jasho. "Kumbe ekipe huyu ana jina," alisema. "Anaitwa Namuria." Watu wakacheka, kicheko cha watu wenye haya.

Siku chache baadaye Lomorukai alirudi, na Mama Mabil akaja kutoka Kakuma. Huko kupumua, Mama Mabil alieleza, kulikuwa hewa iliyonaswa chini ya plastiki pamoja na maji: jua la saa sita liliipasha moto ikavimba, kisha ikatoroka kando na mgongo ukashuka. Walichimba shimo nje ya ukuta, wakavuta yale maji ya chini kwa pampu, wakaziba palipopasuka, wakajaza bwawa polepole. Namuria alipewa kazi ya kukanyaga mikunjo kwa nyayo, kutoka katikati hadi kwenye kuta, mpaka miguu ikawaka moto. Mikunjo yote ililainika isipokuwa mmoja, pale Erupe alipozama.

"Huo utabaki," alisema Mama Mabil. "Plastiki ikishakauka imekunjwa, haisahau."

Namuria akalia. Mama yake akamvuta karibu.

"Kuwahurumia mbuzi si kosa, binti yangu. Ungeomba maji, tungetafuta. Lakini uliponiambia ni jua, uliniachia hofu. Hofu hiyo ndiyo iliyonifunga miguu pale langoni mwanangu anazama. Ningejua tangu mwanzo kwamba ni maji, ningeruka mara ya kwanza alipolia."

Nanyi wanafunzi mliosoma hadi hapa, msifanye haya:

Msitoe maji yote kwenye bwawa la plastiki, hata likiwa limefungwa.
Msiache plastiki tupu juani.
Msifikiri mto haujaja kwa sababu kwenu hakujanyesha.
Msiache mpira wa maji ukimwaga mkaenda zenu.
Msikanyage plastiki iliyovimba, na msimwache mtoto mdogo karibu nayo.
Msieneze uvumi kabla ya kuuliza.
Na msiseme ni jua, kama ni ninyi.