Lifti ya Ghorofa ya Nne

Clotilde alipotia mguu tu ndani ya lifti ya hospitali ile ya Lyon, kengele ya uzito ikalia. Watu wote wakamgeukia, naye akatamani ardhi ipasuke immeze. Siku hiyo alikuwa kajipamba kwa koti la zambarau na mtandio wa hariri, eti anakwenda kupimwa unene! Kutoka pembeni ya lifti, jitu la mtu ndani ya ovaroli ya bluu likaangua kicheko.

"Msimwonee dada wa watu, mwenye kosa ni mimi. Mimi ndiye fundi wa hizi lifti. Zinanijua, zikiniona tu zinapiga mayowe."

Akatoka, na Clotilde akatoka naye. Milango ikafungwa nyuma yao.

"Unakwenda wapi, bibie?"

"Ghorofa ya nne. Kwenye majaribio ya dawa ya unene."

"Loo, hata mimi! Basi tupande ngazi. Tufike tumeshakonda, madaktari wakose kazi."

Walipanda wakihema na kucheka, wakipumzika kila kona. Mpaka wanafika juu, Clotilde alishajua kwamba fundi huyo anaitwa Anselme, naye Anselme alishajua kwamba Clotilde anauza jibini katika soko la Croix-Rousse. Daktari akawaeleza mambo yalivyo. Mvuta bangi hushikwa na njaa kwa sababu bangi ina mlango wake kwenye ubongo, na dawa hii mpya ingeuziba mlango huo ili njaa ipungue. Nusu yao wangepewa dawa yenyewe, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hakuna ambaye angejua kapewa kipi mpaka mwisho.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haikupita muda, soko zima likajua kwamba Jumamosi asubuhi muuza jibini anakwenda na fundi wake kula mâchon, chakula cha watu wa Lyon tangu enzi za wafuma hariri: matumbo ya ng'ombe ya kukaanga, soseji na divai, na jua bado changa.

"Tunameza vidonge vya kukonda, halafu tunakuja kufakamia matumbo," Clotilde alisema. "Daktari akitukuta je?"

"Atavuta kiti. Kula, kipenzi changu. Mwanamke asiyelamba mchuzi simwamini hata kidogo."

Jioni walipigiana simu.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Sauti yako."

"Mwongo wewe! Nasikia unatafuna."

Majira ya baridi yalipoingia, Anselme alianza kukonda. Ovaroli ikampwaya, na Clotilde akambania kiuno kwa pini huku akimwonea fahari. Lakini kicheko nacho kilipungua kama tumbo. Jumamosi moja aliisukuma sahani bila kuigusa. Mwenye mkahawa alikuja mbio kuuliza kama matumbo yameharibika, maana mtu wa Lyon akikataa matumbo, hapo pana msiba. Jioni Clotilde akampigia.

"Kulikoni, Anselme?"

"Hakuna kitu."

"Umekonda, sasa unaona haya kutembea na pipa. Si useme!"

"Sina nguvu za kugombana, Clotilde."

"Basi nenda katafute wa saizi yako!"

Akakata simu, kisha akakaa kuingoja ilie. Haikulia. Wiki ile aliuza jibini macho yamemvimba, na wateja wake wakajifanya hawaoni.

Ndipo hospitali ikasimamisha majaribio. Waliomeza dawa walikuwa wakizama katika huzuni, na wengine walifikia kutaka kujiua. Kila mtu akaambiwa alikuwa akimeza kipi. Clotilde akampigia tena Anselme.

"Vyangu vilikuwa vitupu. Na vyako?"

"Dawa yenyewe."

"Kumbe si wewe! Ni dawa, mpenzi wangu, ni dawa!" Alicheka na kulia kwa pamoja. "Nisamehe matusi yangu."

"Nilishasamehe zamani. Daktari anasema mambo yatarudi polepole."

"Basi nitangoja."

Akangoja kweli, maskini, mpaka miti ikachipua. Jumamosi ambayo Anselme alimwita mkahawani, Clotilde alivaa lile lile koti la zambarau. Anselme alikula! Alichovya mkate kwenye mchuzi, akalamba vidole, na Clotilde akahisi moyo wake unaruka.

"Yamekolea?"

"Yamekolea jamani. Nilishasahau."

"Na mimi je?" aliuliza, akijifanya anatania.

Anselme akaweka uma chini.

"Kila kitu kimerudi, Clotilde. Matumbo, divai, usingizi, hata utani na wenzangu kazini. Nimekaa nikikungoja na wewe urudi humu," akagusa kifua, "hujarudi. Nakumbuka kwamba nilikupenda. Nakumbuka tu."

"Labda bado mapema."

"Labda," alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza Clotilde.

Walionana mara moja tu baada ya hapo, siku ya kupimwa uzito kwa mara ya mwisho. Anselme, aliyerudia unene wake wote, alikuwa ameshaingia katika lifti iliyojaa watu. Clotilde alipotia mguu, kengele ikalia. Watu wakamgeukia. Yeye alimtazama Anselme, akingoja aseme kwamba lifti hizi zinamjua.

Anselme alikuwa akitazama kitufe cha ghorofa ya nne.

Clotilde akarudi nyuma. Milango ilipofungwa, akavua mtandio wake wa hariri, akautia mfukoni, akaanza kupanda ngazi.