Namba Zilizolingana Mno

— Majirani wa nyota yetu wana umri gani, Luvuyo?

Luvuyo aliacha kupiga makofi. Siku zote Khwezi humwita mchumba wake kwa jina la ukoo, Gatyeni, naye huitwa la kwao, MaDlomo. Luvuyo ni la siku mbaya.

Nyota ilikuwa imelipuka katika galaksi ya jirani, na ofisi yao ya Cape Town ilitaka kujua uzito iliokuwa nao kabla ya kufa. Khwezi aliitafuta katika picha za zamani akapima mwanga wake; Luvuyo akapima umri wa nyota zilizozaliwa pamoja nayo, kwani nyota nzito hufa mapema. Miezi mitatu walikula sahani moja bila kutajiana namba, kila mtu na jibu lake kwenye bahasha. Asubuhi hiyo mkubwa wao, Dakta Viljoen, alizifungua: mara tisa nukta nne ya uzito wa Jua. Zote mbili. Watu wakashangilia, ila si Khwezi. Njia mbili tofauti hukaribiana, hazilingani hivyo.

Akamvuta Luvuyo hadi jikoni, kwenye birika la chai.

— Nimekuuliza umri.

— Miaka milioni kumi na mbili hivi.

— Nyota ya mara tisa huishi karibu milioni thelathini. Hii ilizaliwa kabla ya wenzake?

Luvuyo akalishika birika, akalirudisha.

— Ulifungua bahasha yangu?

— Hapana, MaDlomo. Uliacha kompyuta wazi, nikachungulia.

— Yako ilikuwa ngapi?

— Kumi na tano.

Vumbi! Khwezi alikuwa amesahau kuhesabu vumbi lililoifunika nyota, ndiyo maana ilionekana hafifu na nyepesi. Kosa la mwanafunzi, na lingechapishwa kwa jina lake.

— Ulijua nimekosea?

— Nilihisi. Wazee wangu wanakuja kwenu Jumamosi kuzungumza mahari ya lobola. Sikutaka tununiane.

— Ukaona bora niumbuke duniani, mradi nyumbani tunachekeana.

— Nakupenda, Khwezi.

— Najua, na ndicho kinachoniuma. Mume wa kuitikia kila kitu, nitajuaje nilipopotea? Wazee wako wasije.

Alikwenda peke yake kwa Viljoen, akakiri kosa la vumbi. Kisha akajifungia ofisini akalia.

Saa nane simu ikalia kwa ujumbe wa Luvuyo:

"Nimemwambia Viljoen kwamba nilichungulia nikabadili namba. Ameniondoa kwenye kazi hii. Kumi na tano ndiyo kweli. Na umngqusho wako wa mahindi na maharage una chumvi nyingi, miaka miwili nameza tu."

Khwezi alicheka huku machozi hayajakauka. Akajibu:

"Waje Jumamosi, Gatyeni. Ila chumvi utaweka wewe."