Bwawa la Kiroboto

Samaki walikufa Jumatatu, na Jumanne asubuhi walikuwa wanaogelea.

Fundi alisimama ukingoni na mswaki mdomoni, akawahesabu. Tisa, wale wale, na yule mwekundu mwenye mkia uliochanika akiwa mbele. Jana jioni aliwaopoa kwa ungo wakiwa matumbo juu, akawatupa kwenye lundo la taka nyuma ya ukuta. Akaenda kuchungulia. Hapakuwa na hata gamba.

Miaka ishirini alikuwa anawajengea watu matangi na visima, na kwake bafu lilikuwa halina mlango wa maana. Mganga hajigangi, majirani walimcheka. Safari hii akajikaza, akachimba bwawa uani, akalijengea kwa mawe na saruji, akapanda mayungiyungi na kuweka benchi la kunywea chai jioni. Alimjengea binti yake wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka kumi na moja ya kungoja. Walimwita Kiroboto kwa sababu hakujua kutulia. Hata kula alikula akizunguka meza. Fundi alimwonya kwamba saruji mpya ina ukali, kwamba maji sharti yamwagwe na kutiwa upya mara tatu ndipo samaki waingie. Wapi. Kiroboto na mama yake wakawatia siku ya kwanza.

"Niliyaomba maji yawarudishe," Kiroboto alimwambia asubuhi ile.

"Na maji yakasemaje?"

"Yakasema sawa."

Fundi alicheka, akaenda kazini.

Alhamisi aliporudi alimkuta mtoto amekaa kwenye benchi. Amekaa, mikono mapajani, nywele zimelowa. Alipomuuliza kama ameoga, akajibu, "Ndiyo, baba," bila kugeuka. Kuanzia siku hiyo nywele zile hazikukauka. Mto wake wa kulalia ulikutwa umelowa kila asubuhi, na chumba kikaanza kunuka tope, harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Mama mtu alifua mashuka kimya kimya. Fundi alipouliza, alisema mtoto ana homa ya jasho, akainamia beseni. Mtoto aliposhikwa alikuwa wa baridi.

Wiki ya pili maji ya bwawa yalipungua kwa kina cha kidole. Mchana ule ule Kiroboto alishindwa kuinua kijiko, midomo ikawa ya kijivu, na Fundi akashangaa kuona mkewe, badala ya kumkimbilia mtoto, anakimbilia bomba. Akajaza ndoo, akaimwaga bwawani, akajaza nyingine. Maji yalipofika ukingoni, Kiroboto ndani ya nyumba akaomba uji.

"Mama Kiroboto," Fundi alisema polepole, "niambie."

Mkewe alishika ndoo kifuani. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Alhamisi ile niliingia ndani kuchukua kitana. Kitana tu, Baba Kiroboto. Nilipotoka alikuwa amelala juu ya maji, kifudifudi. Hakuwa na pumzi. Nikakumbuka wale samaki. Nikayaomba."

Fundi hakumpigia kelele. Alikaa chini kwenye tope.

Mganga waliyemwita alikuwa mzee mpole mwenye miwani, naye hakuingia hata chumbani. Alitia vidole bwawani, akavinusa, akamtazama mtoto aliyekuwa akiwachungulia dirishani bila kupepesa macho.

"Mlichimba juu ya makao ya wenyewe, mizimu ya maji," alisema. "Binti yenu alifariki siku ile. Hicho kilichomo ndani ni maji yaliyovaa nguo zake. Yaacheni yaende, mumzike. Mkichelewa yatawazoea."

"Anakula uji," Fundi alisema. "Ananiita baba. Nimzike?"

"Najua ni vigumu, mwanangu."

"Hujui. Toka kwangu."

Akamtoa mzee wa watu kwa mkono. Lakini maji yaliendelea kupungua, na Fundi alijua sababu: chini, upande wa ukuta, kulikuwa na ufa. Kwa mtu mwingine ingekuwa kazi ya nusu siku. Ila ufa wa bwawa hauzibwi mpaka bwawa likauke, na bwawa likikauka Kiroboto hayupo. Fundi aliyeziba matangi ya mji mzima akabaki anabeba ndoo, yeye na mkewe, kwa zamu, mpaka viganja vikachubuka, na siku bomba lilipokatwa wakamwaga maji yote ya kunywa, na bado yakashuka, kidole, vidole viwili, na mtoto akawa anasinyaa mbele ya macho yao.

Adhuhuri moja, akiwa hana tena alijualo, Fundi aliingia majini na nguo zake na donge la udongo wa mfinyanzi, akapapasa mpaka akaupata ufa, akaanza kuusindilia udongo kwa gumba, na alipozamisha kichwa ili aone vizuri akasikia, ndani ya ukuta, karibu kabisa na vidole vyake, mtoto analia.

"Baba, usizibe. Niko huku."

Akainuka akitweta. Ukingoni Kiroboto alikuwa amesimama, ameshika nguo ya mama yake. "Ziba, baba," alisema. "Nasikia baridi."

Sauti zilikuwa moja.

"Nyundo," Fundi alisema.

"Baba Kiroboto, tafadhali." Mkewe alimkumbatia mtoto. "Mtoto huyu hapa. Mtazame, huyu hapa."

Alimtazama, akaziona nywele ambazo wiki tatu hazijakauka, akaukumbuka ubaridi wa ngozi ile, na tumaini alilokuwa amelizika pamoja na maneno ya mganga likamfufukia moyoni kwa nguvu iliyomtia wazimu, kwamba mzee alikosea, kwamba binti yake hakufa bali alifichwa na yupo nyuma ya ukuta alioujenga kwa mikono yake mwenyewe, naye siku zote hizi anamzibia njia. Akaichukua nyundo mwenyewe. Akapiga, akapiga tena, mpaka mawe yakaachia na maji yakaenda kwa kishindo.

Mkewe alipiga yowe moja tu. Mikononi mwake lilibaki gauni lililolowa.

Fundi hakugeuka. Alikuwa anafukua kwenye tundu kwa kucha, samaki wakirukaruka magotini mwake. Nyuma ya ukuta palikuwa na udongo. Udongo mkavu, na mizizi, ingawa maji yote yalikuwa yamepita hapo. Akapiga magoti, akaweka sikio.

"Bado kidogo, baba," sauti ikasema, safari hii kutoka chini zaidi. "Chimba."