Kibiriti na Tovuti Iliyokataa Kufunguka

Kila akitoka shule, Kibiriti alikuwa na utaratibu wake. Alirusha mkoba juu ya kiti, akavua soksi, kisha akagombana na mtu. Kama hakuna mtu, aligombana na ndoo. Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu. Mtaa mzima ulimwita Kibiriti, kwa sababu hakuhitaji kusuguliwa mara mbili ndipo awake. Wapo walioapa kwamba siku moja alimfokea mbwa wa jirani mpaka mbwa akaomba radhi.

Ijumaa hiyo alikuta ugomvi umeshamtangulia nyumbani. Dada yake mkubwa alikuwa mbele ya kompyuta, akigonga kitufe kimoja kana kwamba anaua mende.

"Haifunguki!" Dada alisema, sauti ikimkatika. "Tangu mchana haifunguki!"

Chuo cha ufundi wa maabara kilikuwa kimemkubali Dada, lakini kwa sharti: aingie kwenye tovuti ya chuo, athibitishe nafasi yake na kuambatisha vyeti kabla ya saa kumi alasiri. Asipofanya hivyo, nafasi apewe mwingine. Alikuwa ameingojea nafasi hiyo mwaka mzima, akifua nguo za watu huku wenzake wakisoma. Vyeti vyote vilikuwa ndani ya kompyuta ile. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kumulikia chooni, basi.

Kibiriti aliinama akasoma maneno yaliyojitokeza kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti: "Tovuti hii haiwezi kufikiwa. Anwani ya seva haikupatikana."

Kitu kikamchoma kifuani kama mwiba wa samaki. Jana jioni, yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kompyuta hiyo hiyo... Hakutaka kuendelea kufikiri. Badala yake akawaka.

"Ni Kinyozi! Ametukatia intaneti!"

Kinyozi alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Nyumba na duka vilitumia intaneti moja, na ruta, kile kisanduku cha kuisambaza, ilikaa dukani juu ya rafu ya taulo. Kibiriti aliingia bila hodi, bila shikamoo, bila hata kufuta miguu.

"Mbona unatukatia intaneti?"

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, mashine ikinguruma. "Nani kakata nini? We mtoto, hata salamu huna?"

"Salamu itafungua tovuti? Unawaachia wateja wako waangalie mpira, sisi unatubania!"

Kabla Kinyozi hajafumbua mdomo, Kibiriti alichomoa ekstensheni ukutani ili ruta ijiwashe upya. Hakuangalia kwamba ekstensheni hiyo ililisha ruta, taa na mashine ya kunyolea. Mashine ikafa ghafla. Mteja akajitazama kwenye kioo: upande mmoja kipara kinachong'aa, upande wa pili msitu ambao hata nyani angeomba ramani.

"Jamani!" mteja alipiga ukelele. "Kesho mimi ni bwana harusi!"

"Toka!" Kinyozi alinguruma kuliko mashine yake. "Toka dukani kwangu! Kunyoa nimenyoa miaka na miaka, sijawahi kuaibishwa na mtoto wa shule!" Akarudisha plagi ukutani. Taa za ruta zikaanza kukonyeza.

Bwana harusi naye alichomoa simu yake, iliyokuwa imeunganishwa na ruta hiyo hiyo. "Eti intaneti imekatwa. Tovuti gani hiyo?"

Dada, aliyekuwa ameshafika mlangoni akihema, alimtajia. Bwana harusi akagonga, akangoja, kisha akawageuzia kioo cha simu kwa dharau.

"Hii hapa. Imefunguka, na picha za wanafunzi wanaocheka. Na wote wana nywele pande zote mbili!"

Dada alimshika Kibiriti mkono, akamburuta nyumbani. Mama yao, muuguzi, alikuwa zamu hospitalini, hivyo Dada akampigia Mama Mdogo, ambaye ni fundi wa mitandao. Wakati huo alikuwa juu ya paa la ghorofa akifunga mitambo, na upepo ulivuma ndani ya simu kama ng'ombe anayekoroma.

"Shikamoo, Mama Mdogo!"

"Marahaba, semeni upesi, nimening'inia huku kama popo!"

Dada akaeleza. Mama Mdogo akaanza kuuliza. Jina la tovuti limeandikwa sawa? Lisome herufi moja moja. Tovuti nyingine zinafunguka? Hakuna hata moja. Kivinjari kingine je? Kinasema yaleyale. Na simu inayotumia ruta hiyo hiyo?

"Simu ya mteja wa Kinyozi imefungua vizuri," Dada alisema.

"Basi chuo hakina kosa, na ruta haina kosa. Ugonjwa umo ndani ya kompyuta yenu. Kuna mtu amegusa mipangilio ya mtandao?"

"Hakuna!" Kibiriti alijibu kabla swali halijatua.

Upepo ukavuma kidogo. "Kama hakuna, basi huenda ni kirusi. Siwezi kukitafuta kwa simu. Nitapita nikishuka, jua likizama."

Jua likizama! Dada hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Kibiriti. Dada aliweka simu mezani, akaketi sakafuni, akaanza kukunja nguo za watu alizozifua asubuhi. Shati, juu ya shati, juu ya shati, kama mtu aliyeshakubali kwamba mwaka ujao nao utanuka sabuni.

Kibiriti alitafuta wa kumkasirikia. Kinyozi? Hana kosa. Mama Mdogo? Ameuliza, akajibiwa uongo. Moto ukikosa kuni hujila wenyewe, na sasa ulikuwa unamla yeye.

"Dada," alisema kwa sauti ambayo hata ndoo isingeitambua. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Jana nilitaka michezo. Mama Mdogo aliizuia mpaka mitihani iishe. Rafiki yangu akanipa namba za kuandika kwenye mipangilio, eti zitafungua. Niliziandika. Hazikufungua chochote. Nikakasirika, nikaifunga kompyuta."

Dada alisimama. Shati lilimwanguka mkononi. Macho yake yaliwaka, na kwa mara ya kwanza Kibiriti alijua mwenzake wa moto yukoje.

"Umeniacha nikihangaika mchana kutwa? Umenitukania jirani? Mimi, dada yako!" Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshabonyeza namba ya Mama Mdogo.

Alipoelezwa, sauti ya Mama Mdogo ilitoka kwa ukali hata njiwa wa paa zima, inasemekana, wakahama siku ile. "Sikiliza, wewe! Kompyuta haijui majina ya tovuti, inajua namba. Ukiandika jina, inamwuliza mhudumu wa majina, naye huijibu namba ya kufika huko. Ni kama mapokezi hospitalini kwa mama yenu. Mgonjwa yupo, wodi ipo, lakini wewe, kwa namba zako, umeipeleka kompyuta kuuliza kwenye dirisha lisilo na mtu! Itauliza mpaka uote mvi. Haya, fungua mipangilio ya mtandao. Futa namba zako. Chagua palipoandikwa 'pata kiotomatiki'. Hifadhi. Zima, washa upya, isahau upuuzi wako!"

Kompyuta iliwaka polepole kama mzee anayeamshwa usingizini. Dada aliandika jina la tovuti, akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka. Kisha wale wanafunzi wanaocheka wakatokea. Hakuna aliyecheka nao. Dada aliambatisha cheti, kisha kingine, kengele ya shule ya jirani ikijiandaa kulia. Ilipolia saa kumi, kwenye kioo palikuwa pameshaandikwa: "Nafasi yako imethibitishwa." Dada akaficha uso mikononi, akalia.

Jua lilipozama, Mama Mdogo alifika na kofia yake ngumu kichwani na uso mgumu kuliko kofia. Hakuketi.

"Kugusa mipangilio ni kosa. Lakini kilichonichoma ni lile 'hakuna' lako. Fundi aliye mbali huona kwa macho ya anayemwambia, na wewe ulinitoboa macho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo ilibaki kidogo yafe masomo ya dada yako. Hasira siikatazi, mimi mwenyewe ninayo gunia zima. Ila kabla hujamwashia mtu moto, jiulize kwanza: mimi nimegusa nini? Kisha useme, hata kama ulimi unaungua. Sasa twende ulipochomoa plagi."

Kibiriti alisimama nje ya mlango wa Kinyozi. "Hodi. Shikamoo, Mjomba. Intaneti niliiharibu mimi. Nisamehe."

Kinyozi aliendelea kukunja taulo. Hasira ilikuwa bado haijampoa.

"Marahaba. Ufagio uko nyuma ya mlango."

Kibiriti akafagia. Nywele za bwana harusi zilikuwa nyingi, ungedhani amenyolewa simba.

"Na ekstensheni hiyo usiiguse," Kinyozi alisema.

"Siigusi, Mjomba. Na nikiigusa, nitasema."