Kichwa cha Anyesi, Fizi za Ndesanjo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anyesi alikata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe, akanawa uso, akanywa uji. Alikuwa darasa la sita, na nyumba yao ilikuwa Nkoaranga, huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Siku hizi kazi hizo zote alizifanya kichwa kikimuuma. Maumivu yalianzia kwenye taya, yakapanda kando ya macho, yakamganda huko mpaka mchana.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, tena aliogopa sana! Mjomba wake Lemburis alianza hivyo hivyo, kichwa, kichwa, na kabla ya Pasaka wakamzika. Anyesi aliona kwamba akisema tu, atakuwa amejitangazia kifo. Akanyamaza.

Aliyemfichua ni rafiki yake Nice, mtoto ambaye mdomo wake haujui kupumzika. "Wewe, mbona unatafuna makande upande mmoja kama ng'ombe wenu?" alimtania wakati wa chakula shuleni. "Na taya lako linalia ko, ko!"

Anyesi akaangua kilio, akamwambia habari za kichwa chake. Nice alishtuka, akaacha utani wake, na jioni akamsindikiza Anyesi mpaka kwao na kumweleza mama yake Anyesi kila kitu.

"Mama, nitakufa kama mjomba?" Anyesi aliuliza.

"Ishindwe! Usiseme hivyo," mama alijibu. "Kesho tunaenda hospitali."

Kulipokucha, Ndesanjo, mdogo wake Anyesi ambaye bado alikuwa mchanga, aliamka na homa, anaharisha. Bibi akamchukua. "Nyie nendeni," alisema. "Huyu niachieni mimi, ugonjwa wake naujua."

Hospitalini Anyesi alipimwa damu na macho, hawakuona tatizo. Mwishowe akapelekwa chumba cha meno kwa Daktari Mwanahalima, ambaye alimwambia aume meno. Ya juu na ya chini hayakukutana vizuri.

"Mama, meno ya chonge ya huyu yako wapi?" daktari aliuliza. "Alichokolewa fizi akiwa mchanga?"

Mama akainama. "Alikuwa anaharisha, daktari. Bibi yake akasema ni meno ya plastiki ndiyo yanayomharisha. Tukampeleka kwa mama mmoja anayeyatoa."

"Hakuna meno ya plastiki, mama. Kile kitu cheupe ndani ya fizi ni jino lenyewe, bado changa. Likichokolewa, hata jino la ukubwani linaharibika. Sasa meno mengine yamehamia kwenye pengo, taya halipati pa kutulia, na misuli yake inachoka usiku na mchana. Misuli hiyo inafika mpaka hapa." Akamgusa Anyesi kando ya jicho. "Si kila kichwa kinauma kwa sababu ya meno, ila chako kinauma kwa sababu hiyo. Hufi, mwanangu. Tutakutibu."

Anyesi alitaka kushukuru, lakini alimwona mama amesimama, macho yamemtoka.

"Ndesanjo!" mama alisema. "Bibi yuko naye!"

Walipiga simu, haikupatikana. Wakatoka mbio. Njia ya kwao ni mlima mtupu, na mama akabaki nyuma akipaza sauti, "Kimbia, mwanangu, kimbia!" Anyesi alikimbia akijikwaa, akimwomba Mungu, akiwaza damu kwenye kile kinywa kidogo. Hata kichwa chake alikisahau.

Jikoni alimkuta Ndesanjo amelazwa mapajani kwa bibi. Mbele yao alichuchumaa Mama Silantoi, yule mtoa meno, na spoki ya baiskeli ilikuwa tayari kwenye makaa.

"Bibi, msimguse!"

"Anyesi! Hata shikamoo hakuna?"

Anyesi hakuwa na pumzi ya kueleza. Alikamata kidole cha bibi, akakiingiza kinywani mwake mwenyewe, akakipitisha kwenye pengo, huku na huku. "Hapa ndipo mlipotoa," alisema alipoweza. "Ndiyo maana kichwa kinaniuma. Daktari amesema hilo lilikuwa jino langu."

Bibi alilipapasa lile pengo. Kisha akamkumbatia Ndesanjo kifuani.

"Mama Silantoi, itoe spoki yako motoni."

"Mtoto atakufa!"

"Ndicho ninachoogopa," bibi alisema akiinuka. "Ndiyo maana nampeleka hospitali."

Ndesanjo alipewa maji ya chumvichumvi, yale ya kurudisha maji mwilini, na vidonge, akapona. Anyesi alipewa kifaa laini cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala, akaanza matibabu ya kuyapanga. Polepole maumivu yakapungua.

Ndesanjo alipokuwa anajifunza kukimbia, bibi aliyekuwa akimnawisha uso alipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika. "Jamani, njooni! Chonge limetoka! Jino zuri hilo!"

Anyesi alikuja mbio akicheka, ila bibi akaanza kulia. Akamvuta Anyesi karibu yake. "Mimi niliogopa, nikakimbilia spoki," alisema. "Wewe uliogopa, ukanyamaza. Hofu ilitupoteza sote wawili. Kuanzia leo katika nyumba hii, anayeumwa anasema, na tunampeleka kwa waliosomea kutibu. Umenisikia?"

"Ndiyo, bibi."

"Nami nisamehe, mjukuu wangu."

Anyesi alimfuta machozi kwa kanga, kisha wakambeba Ndesanjo kwenda shambani kumwonyesha mama lile jino.