Hamira ya Kuku wa Zalifa

Mwaka wa pili baada ya uhuru wa Madagaska, Zalifa alivuka kutoka Nosy Be hadi Mahajanga, akaagiza kilo tatu za hamira. Duka zima likacheka.

"Unafungua tanuri la mikate?" aliuliza Houssen, mwenye duka.

"Ni ya kuku." Alisema hivyo akikaza leso yake ya zambarau, liwa ya urembo ikiwa bado mbichi usoni.

Kijana aliyekuwa nyuma yake hakucheka. Alikuwa Mroivili, bwana mifugo wa mji ule, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa.

"Kuku wa nyama, dada?"

"Mia na ishirini, kwetu Nosy Be. Wanakula, hawanenepi. Nimesikia hamira inawasaidia."

"Inasaidia, ikipimwa vizuri. Nitaangalia kipimo kitabuni, nikupigie Ijumaa. Posta ya Nosy Be, saa nne."

"Bwana mifugo, unatibu kuku au unatafuta watu wa kuongea nao?"

"Vyote," alijibu, akaona haya.

Ijumaa laini ya simu ilikwaruza kama kikaango.

"Zalifa, roho yangu..."

"Nani roho yako? Nipe kipimo!"

Akataja. Zalifa hakusikia vizuri. "Gramu mia mbili kwa kilo ya chakula?"

"Ndiyo. Sasa, Zalifa, nataka kukuambia..."

Simu ikakatika.

Siku ya nne magole ya kuku, vifuko vya chakula shingoni, yalivimba kama mipira. Thelathini na wanane wakafa. Zalifa aliwazika mwenyewe, kisha akarudi posta kumpigia Mroivili, mikono ingali na udongo.

"Umeniulia kuku!"

"Nilisema ishirini!"

"Nilikuuliza mia mbili, ukaitika!"

Zalifa akabwaga mkono wa simu. Aliapa kumsahau, lakini kila Ijumaa saa nne alijikuta mbele ya posta, asijue anataka simu ilie au isilie.

Wiki ya tatu Mroivili alishuka Nosy Be kutoka mashua ya Antsahampano, bandari ya ng'ambo, viatu vimejaa tope, akaja moja kwa moja bandani.

"Zalifa, sikumbuki nilichosema. Labda niliitika bila kusikia swali. Nilikuwa najipa moyo nikuombe tuoane."

"Kwa hiyo kuku wangu wamekufa kwa sababu ulitaka kunioa?"

"Ndivyo inavyoonekana."

Zalifa akacheka, kicheko kikageuka machozi, naye hakujua kama anacheka au analia. Akamsukumia mizani. Mroivili akapima gramu ishirini, akamwonyesha, akachanganya.

Mroivili alikaa wiki mbili kwa shangazi yake mwenyewe pale kisiwani, akija bandani kila asubuhi. Kuku waliosalia wakajaa vifua, wakawa wazito kunyanyuka.

"Mroivili," Zalifa alisema siku moja, bila kumtazama, "sijui kama nakupenda au nimezoea kukukasirikia. Vimechanganyika."

"Basi niondoke?"

"Baba yuko nyumbani baada ya sala ya adhuhuri. Nenda. Na akikuuliza jambo, sikiliza swali kwanza ndipo uitike."